Wazee wetu wanaomba mashindano, si matembezi

(Maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama na wafadhili katika mkutano wa chama, Lubumbashi)



Tumepewa dakika ishirini, na wanaotufahamu wanajua tunaweza kuzipita. Kwa hiyo tuanze na franga. Katika mpango wa mwaka huu kuna mstari mmoja uliozua maneno kuliko mstari wa mbegu na wa cherehani: mstari wa kinga za wazee. Kuna wafadhili waliouliza kama tunaweza kuugeuza uwe “matembezi ya amani”, watu wote na tishati moja, mwendo wa polepole, picha, kisha soda. Na vijana wa chama wameuliza juu ya nini hizo franga zisiende kwa mpira. Sisi wafanyakazi wa mashinani tumekaa na wazee wenyewe, tumewasindikiza barabarani kiangazi chote, na leo tunaleta jibu lao. Wanaomba mashindano. Yenye saa, yenye mstari wa kumalizia, na yenye mtu wa mwisho.

Kwa wageni wetu wa Tanzania na Kenya: hapa kwetu kinga ni baiskeli, si chanjo! Babemba wanasema incinga, na wengi wetu tulilisikia neno hilo pande zote mbili za mpaka.

Tuseme hawa wazee ni nani, maana karatasi ya mradi inasema tu “warejea wa kiume, miaka 45 na zaidi”. Wengi wao walivuka kuingia Zambia mwishoni mwa mwaka 2000, Pweto ilipoanguka. Wakakaa Mwange au Kala. Wakarudi kati ya 2007 na 2010 na misafara ya HCR, wengine kwa barabara, wengine kwa meli kutoka Mpulungu hadi Moba. Wengine ni wa wimbi la pili, waliokuwa Mantapala na kuanza kurudi Desemba 2021. Kijijini hawakukaa wote. Walishuka Lubumbashi, na mtu anayeshuka Lubumbashi bila ndugu na bila diploma, kazi ya kwanza anayopata ni makala. Ninyi mnaopika bukari kila siku mnajua makala yanaingiaje mjini: kwa njia ya Kasenga, kwa njia ya Likasi, nyuma ya kinga, magunia yamepangwa hadi mwenye kinga haonekani. Kwenye mlima unasukuma. Kwenye mteremko unashikilia breki na kuomba Mungu. Wamefanya hivyo miaka kumi, wengine kumi na tano. Sasa pikipiki na lori zimechukua sehemu kubwa ya kazi ile, mgongo unauma, na watoto wamekua. Lakini miguu bado ipo.

Hatukuwaanzishia sisi. Walikuwa wakienda Kipushi na kurudi kila Jumamosi asubuhi, kama kilomita 30 kwenda tu, wakisema ni mazoezi ya tansio. Ukiwaona wawili wanaongea vizuri, hadi mji unakaribia. Hapo mmoja anaacha kuongea. Mwingine anainamisha kichwa. Basi, mazoezi ya tansio yamekwisha.

Mfadhili anaweza kuuliza: mtu wa miaka 58 kushindana, si hatari? Swali ni zuri na tutalirudia. Kwanza tuseme mwili unafanya nini. Wataalamu wanaeleza kwamba uwezo wa moyo na mapafu kupeleka oksijeni kwenye misuli hupungua karibu asilimia 10 kila miaka 10 baada ya miaka 30, kwa mtu anayekaa tu. Anayeendelea na mazoezi makali hupoteza karibu nusu ya hapo. Tafadhali sikieni neno makali. Kutembea na tishati ni kuzuri, hatukatai, lakini ni jambo lingine. Mfaransa Robert Marchand, aliyezaliwa 1911, aliambiwa ujanani kwamba ni mfupi mno kwa mchezo huu. Akaacha. Akaishi Venezuela, akafanya kazi Kanada, akarudi kwao, na baiskeli akairudia kwa dhati akikaribia miaka 70. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, alizunguka uwanja kwa saa moja akafika kilomita 24 na kidogo. Mwaka 2014, akiwa na 102, akafika 26.927. Kati ya siku hizo mbili mtaalamu mmoja wa mwili alimpangia mazoezi yenye mwendo mkali ndani yake. Mzee akaongeza kasi akiwa amepita miaka mia! Yeye pia, ukimwangalia vizuri, ni mrejea.

Sasa tuje kwa vijana wetu na mpira wao. Mji huu ni wa mpira, na mji uliozaa Mazembe mwaka 1939 hauna haja ya kuomba radhi kwa hilo. Lakini ukifika miaka 50, hakuna mtu Lubumbashi atakayekupa jezi. Utapewa kiti. Tena si kweli kwamba franga za wazee zinaibiwa vijana. Kule Kenya, ile nchi, si komini yetu, David Kinjah alianzisha kikundi cha Safari Simbaz karibu na Nairobi, na watoto wa kijiji wakawa wanapanda nyuma yake. Mmoja wao alikuwa Chris Froome. Mwaka 2006 mwalimu na mwanafunzi walivaa jezi moja ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne, mmoja na miaka 20, mwingine ameshapita 30 zamani. Froome akaja kushinda Tour de France mara nne. Rwanda nako, Abraham Ruhumuriza alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli, akashinda mzunguko wa nchi yao mara tano kati ya 2002 na 2007. Tunajua kwamba kutaja Kigali kwenye ukumbi huu siku hizi kunakunja nyuso, na wenye kukunja wana sababu zao. Tunataja miguu ya mbeba abiria tu, maana ni ndugu wa miguu ya mbeba makala.

Lakini miguu haitoshi. Wazee walilijua hilo kabla yetu. Mwenye gunia nne nyuma hapandi karibu na mwenzake: akimgusa, wote wawili chini, na makala barabarani. Amezoea nafasi. Kwenye mashindano ni kinyume. Anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake, nusu mita hivi, anaokoa karibu robo ya nguvu zake, na kasi ikiwa kubwa, zaidi ya hapo, kwa sababu wa mbele ndiye anayepasua upepo. Jumamosi za kwanza hakuna aliyekubali kukaribia. Papa mmoja alituambia waziwazi: “Kinga najua toka mutoto. Lakini kukimbia nyuma ya mutu vile, bila kuona mashimo, hapana.” Hakuwa na hofu ya mwendo. Hofu yake ilikuwa kwamba wa mbele hatamwonyesha shimo.

Tulifikiri kuleta kocha. Hakuhitajika. Mmoja wao, mtunza daftari la likelemba ya mtaa wao, aliwaeleza kwa dakika mbili: upepo ni likelemba. Kila mtu anatoa zamu yake mbele, kisha anarudi nyuma kupokea. Anayekaa nyuma siku zote halafu anaruka mbele kwenye mstari, huyo amekula mchango wa watu. Tangu siku hiyo wa mbele ananyosha mkono kuonyesha shimo, wa pili anarudia, hadi wa mwisho. Na wanahesabu zamu. Mungu wangu, wanahesabu! Tumeshakaa saa nzima kusuluhisha nani alipunguza zamu yake baada ya daraja.

Hapa tunafika kwenye karatasi. Mashindano ya wakubwa duniani hupangwa kwa umri. Kwenye ubingwa wa dunia wa Gran Fondo wa UCI, ukishafika 35, ni vikundi vya miaka mitano mitano. Ni haki kabisa, lakini kwetu kuna shida ambayo mfadhili wa Brussels hawezi kuiona. Tulipokusanya karatasi za wazee, tuligundua kwamba karibu wote wamezaliwa tarehe 1 Januari. Karani wa kambini alipouliza siku na mtu hakuijua, aliandika hiyo. Mwaka wenyewe ulikadiriwa. Kadi ya uchaguzi ikaja na mwaka mwingine. Mmoja ana karatasi tatu na umri tatu, na kwa kupanga vikundi vya mbio amechagua, kwa kweli, ule mkubwa kuliko yote. Tuliomba wakumbuke. Kuna aliyezaliwa wakati wa secession, yaani kati ya Julai 1960 na Januari 1963. Kuna wa mwaka nchi ilipoitwa Zaire, 1971. Kuna wa vita ya siku 80, 1977, na wa vita ya siku 6 ya Kolwezi, 1978. Hiyo inatosha kwa mazungumzo ya jioni. Kwa zawadi haitoshi, wataanza kushtakiana.

Kwa hiyo tunapendekeza mwanzo wa kupishana. Kila mmoja anakimbia kilomita 10 peke yake, kwa saa. Wakati wake ndio unaomweka kwenye kikundi, si karatasi. Siku ya mashindano kikundi dhaifu kinaondoka kwanza, kinachofuata baada ya dakika kadhaa, wenye nguvu mwisho kabisa, na anayefika mstari wa kwanza ndiye mshindi. Si mchezo wa kubuni. Mbio za Melbourne hadi Warrnambool kule Australia, zilizoanza 1895, zilianzishwa kwa namna hii karibu miaka mia. Uzuri wake ni kwamba walioondoka kwanza wasipogawana zamu watakamatwa, na walioondoka mwisho wasipogawana zamu hawatamkamata mtu. Mtu peke yake hafiki mbali. Kuna ujanja mmoja tunauona kutoka mbali: mzee kupanda polepole makusudi siku ya saa. Tutapima mara mbili, wiki tofauti, na watunza saa watatoka kwa wanawake wa chama, ambao hawadanganyiki.

Na tukitaja wanawake: mama watatu wameomba kupanda, na kuna walioona ni kichekesho. Jeannie Longo wa Ufaransa alishinda ubingwa wa nchi yake wa mbio za saa mwaka 2011 akiwa na miaka 52. Kwa mwanzo wa kupishana hawahitaji hata kikundi chao. Saa itawapanga.

Sasa ombi letu, na hapa tunaongea na wafadhili moja kwa moja. Msitutumie baiskeli za mbio. Tunasema kwa heshima. Ni nyepesi, zile za mabingwa kilo 6.8 tu, na kinga ya kazi inazidi kilo 20. Lakini tairi lake jembamba likipasuka hulipati soko ya Kenya, na cheni yake fundi wa Katuba hana. Wazee watapanda kinga zao zilezile, wametoa kitako cha mizigo. Tunachokosa ni kofia ngumu za kila mtu, mipira ya ndani ya akiba, chombo cha kupimia tansio ambacho si cha kuazima, na gari la kuchukua mgonjwa. Kila mpandaji atapimwa tansio na sukari, na daktari atasikiliza moyo kabla ya siku ya saa, si asubuhi ya mashindano wakati hakuna atakayekubali kuambiwa hapana. Kati ya wazee wetu, wawili wameshaambiwa wasubiri hadi dawa ishike. Wamekasirika. Wamesubiri.

Barabara ya Likasi na ya Kasumbalesa hatutazitumia, lori za shaba zinatosha kueleza. Tunaomba mzunguko mfupi ndani ya komini Annexe, ambapo polisi wanaweza kufunga njia panda kwa saa tatu, mwezi wa sita au wa saba, kabla jua halijakuwa kali. Siku ya Mungu barabara ni tupu lakini makanisa yamejaa, na Jumamosi ina Waadventista wetu. Hilo litamalizwa na ninyi, si na sisi.

Zawadi tulitaka kuweka mbuzi wa mshindi. Wazee walikataa. Wanataka unga, kwa kikundi chote kilichofika kwanza, mfuko sawa kwa kila mmoja, pamoja na yule aliyetoa zamu zake zote akaachwa kilomita ya mwisho. Na orodha ya matokeo ibandikwe kwenye mlango wa ofisi, majina yote na saa zote, hadi wa mwisho.

Hiyo ndiyo mistari ya bajeti, iko ukurasa wa nne wa karatasi mlizopewa. Kuna papa pale nyuma ameinua mkono tangu tulipotaja karatasi tatu na umri tatu. Tunaomba aanze yeye.