Historia Ipimwe kwa Vitendo

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kalangalala, Geita)



Mmenipa heshima ya kuzungumza juu ya falsafa ya historia. Najua wapo wa kidato cha nne wanaojiuliza kama jambo hili litatoka katika mtihani. Nasema litatoka, ila katika ule mtihani usio na kengele wala msimamizi.

Falsafa ya historia ina maswali mawili makubwa. Mambo hubadilika kwa sababu gani? Na ni nani anayeyabadili? Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani, alipofundisha Berlin katika miaka ya 1820, aliiweka Afrika nje ya historia ya dunia. Mtu anaweza kusema hayo ni maneno ya vitabuni, yatamdhuru nani? Mfano wangu nautoa hapa jirani, Shinyanga.

Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi mno Afrika Mashariki. Njaa ikafuata, na ndui, na vita vya ukoloni. Watu walipopungua na mifugo ilipokwisha, vichaka vilirudi mahali palipokuwa mashamba na malisho, na pamoja na vichaka wakaja mbung'o. Waingereza walipokuja kutawala wakakuta pori, wakadhani ndivyo nchi ilivyokuwa tangu zamani. Shinyanga ikafanywa kituo cha utafiti wa mbung'o chini ya C.F.M. Swynnerton, na watu wakatolewa kwa wingi kufyeka. Mbung'o walipungua kweli, hilo tusilikatae. Lakini mti ulihesabiwa kuwa adui, na mwenyeji akahesabiwa kuwa mkono wa kushika panga tu. Baadaye pamba na mifugo viliongezeka, na katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu mbali na maeneo waliyoyatunza. Ilipofika miaka ya 1980, Shinyanga ilikuwa ikitajwa kama jangwa linalokuja.

Wakati huohuo wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakiyajibu upya yale maswali mawili. Mwaka 1969 Kimambo na Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichomweka Mwafrika mwenyewe katikati. Mwaka 1977 Helge Kjekshus, aliyefundisha chuoni hapo, alichapisha kitabu chake juu ya mazingira na uchumi. Alieleza kwamba kabla ya maafa ya miaka ya 1890 watu wa nchi hii walikuwa wameyatawala mazingira yao kwa kilimo, ufugaji na moto uliopangwa. Yaani, pori lile lilikuwa na historia.

Nadharia mbili, na kila moja inadai kitendo chake. Kama mwenyeji hakujua kitu, mletee mtaalamu na amri. Kama alijua, kamwulize.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni mkazo ulikuwa katika vitalu na kupanda miche, mingi ya miti ya kigeni, na wananchi hawakuvutiwa sana. Ndipo mradi ukageukia jambo ambalo wazee walikuwa nalo siku zote: ngitili. Kwa desturi ya Kisukuma, mfugaji hutenga eneo la malisho wakati wa mvua, akalifunga, na kulifungua kiangazi majani yanapokwisha kwingine, ili ndama na maksai wasife. Eneo likifungwa, visiki na mizizi ya zamani huchipua yenyewe. Anayeingiza ng'ombe kwa siri hushitakiwa mbele ya mkutano wa jadi, dagashida. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 HASHI ikapewa tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Mradi ulimalizika mwaka 2004.

Sasa, ndugu zangu, sisi wa Geita. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Dhahabu ilikwisha tuacha mara moja, na siku moja itatuacha tena. Wakati huo huo mkaa wa mjini na magogo ya kuegemeza kuta za mashimo ya wachimbaji wadogo vinakula miti yetu. Na wale waliokuwa vijana kabla ya Operesheni Vijiji, wanaokumbuka ni wapi palifungwa na kwa sheria gani, sasa wamepita miaka sabini. Tunawazika kila mwaka.

Kwa hiyo natoa pendekezo. Hapa mjini hatuna ngitili, lakini wengi wenu mna babu na bibi vijijini. Likizo ijayo kila mwanafunzi wa historia akae na mzee mmoja, aandike kwa Kisukuma au Kiswahili: palifungwa wapi, lini, nani aliamua, aliyevunja alitozwa nini. Walimu wakusanye, wachore ramani. Sisi wa zamani tugharamie madaftari na nauli, kisha tuwasaidie kuipeleka ramani hiyo kwenye halmashauri za vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji sauti ya kuamua. Kazi yangu serikalini imenifundisha kwamba kikao chenye ramani mezani huamua. Kisicho nayo huahirishwa.

Naanza mimi kwa kulipia madaftari ya kidato cha tatu. Daftari la michango liko kwa Mweka Hazina.