Shamba Lisilo Daftarini: Nani Hutozwa na Nani Husazwa?



Mmetuomba tuzungumze juu ya kodi ya ardhi. Twafahamu kwamba neno hilo haliuchangamshi ukumbi kama yafanyavyo maneno "katiba" na "uchaguzi". Hata hivyo tunaomba subira yenu, kwa maana jambo hili lahusu haki.

Siku ya soko, mama aletaye kikapu cha nyanya hutozwa ushuru kabla hajauza hata fungu moja. Yeye hana pa kujificha. Mtoza ushuru humngoja langoni. Sasa tazameni ng'ambo ya barabara. Huenda pana shamba la mamia ya ekari, lenye ua wa seng'enge na mlinzi, na ambalo nambari yake haimo katika daftari la kodi la kaunti. Ardhi isiyoandikwa daftarini haipelekewi hati ya madai, na mwenyewe hulala usingizi mnono.

Daftari tunalolizungumzia ni orodha ya vipande vya ardhi, wamiliki wake na thamani ya kila kipande. Kifungu cha 209 cha Katiba ya mwaka 2010 kimezipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo. Sheria zilizotumiwa kwa miongo mingi ziliruhusu mashamba yatozwe kwa ukubwa, kiasi fulani kwa kila ekari, hata pasipo kukadiria thamani. Mwaka 2024 sheria hizo za zamani zilibadilishwa kwa sheria moja ya kitaifa. Lakini sheria mpya haiwezi kuyatoza mashamba yasiyojulikana yako wapi wala ni ya nani.

Yamepoteaje? Sababu nyingine hazina hila. Mpango huu tuliurithi kutoka kwa wakoloni, nao ulihusu hasa miji na mashamba ya walowezi. Ardhi ya Waafrika ilianza kuandikishwa kwa upana baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na mpaka leo ziko sehemu za nchi ambazo hazijapimwa. Kisha yapo mashamba ambayo hatimiliki zake zingali na jina la babu aliyekufa zamani. Wanawe waligawana kwa kamba na miti ya mpakani, wajukuu wakagawana tena, wala hakuna aliyekwenda mahakamani kutafuta hati ya urithi kwa sababu gharama ni kubwa na safari ni nyingi. Sisi mawakili tunawaona wajane wakija na hati hizo zimekunjwa ndani ya leso. Tena ofisi inayotunza rejista ya ardhi ni ya serikali kuu, na daftari la kodi ni la kaunti. Shamba likigawanywa huku, kule huenda habari zisifike kamwe.

Ziko na sababu zenye hila. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa wakubwa na marafiki zao kinyume cha sheria. Mtu aliyepata ardhi kwa njia hiyo hana haraka ya kuona jina lake likiandikwa mahali ambapo mwananchi aweza kulisoma. Hapo ndipo kodi inapokutana na mageuzi: daftari la kodi likiwa wazi, lasema nani anamiliki nini.

Wala tusidhani kwamba uzembe huu ni wa mashambani tu. Nairobi, mji mkuu wenyewe, ilitoza kodi kwa thamani za mwaka 1982 kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano. Ikiwa hayo yalitendeka mjini, mashambani kuliendaje?

Tena tukumbuke kwamba tangu mwaka 1970 halmashauri za wilaya zilinyang'anywa shule za msingi, afya na barabara, kazi zote zikavutwa kwa serikali kuu. Mkulima angelipa kodi ya nini, na diwani angeidai kwa uso gani? Zilipoundwa kaunti 47 mwaka 2013, mamlaka yalirudi, lakini mazoea ya kungoja mgao kutoka Nairobi hayajatutoka.

Twajua hofu iliyomo ukumbini. Wengine wenu mnajiuliza: je, wakili huyu anataka shamba langu la ekari mbili lidaiwe kodi, nishindwe, kisha lipigwe mnada? La, hasha. Kifungu cha 201 chataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kwa maoni yetu, shamba dogo linalolisha jamaa liandikwe daftarini kisha lisamehewe, na msamaha huo uwe katika sheria ya kaunti, usitegemee huruma ya afisa. Kuandikwa kutamfaa mkulima huyo atakapohitaji kuthibitisha mpaka wake.

Wachungaji mtuwie radhi, nanyi tuna neno nanyi. Sheria ya zamani ilisamehe nyumba za ibada na makaburi, lakini si ardhi itumiwayo kwa faida. Parokia yenye maduka ya kupangisha haiwezi kuhubiri juu ya wakwepaji kodi huku maduka yake hayamo daftarini.

Kazi iliyo mbele yetu ni ya barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 yaipa ofisi siku 21 za kujibu. Kila kikundi kiandikie kaunti yake kikiuliza: daftari linalotumika ni la mwaka gani? Mashamba makubwa kuliko ekari hamsini yaliyomo ni mangapi? Nani amesamehewa, na kwa kifungu gani? Pelekeni nakala mbili, na ile ya pili igongwe muhuri wa ofisi pamoja na tarehe. Siku 21 zikipita kimya, ileteni nakala hiyo kwetu.