Barua ya Kuomba Kazi

Wasikilizaji wangu, jioni hii nataka kusema nanyi juu ya barua ya kuomba kazi. Wengi huandika: "Mimi ni mwaminifu, hodari, tena nina bidii." Maneno hayo ni mazuri, lakini hata mvivu aweza kuyaandika, na tajiri hana njia ya kuyapima.

Sikilizeni habari ya Leonardo da Vinci, fundi na mchoraji wa Italia. Yapata mwaka 1482 iliandikwa barua yake ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milano. Leonardo alijua kwamba bwana yule ahitaji zana za vita. Basi hakusifu tabia yake, bali alitaja kazi moja moja: kujenga madaraja mepesi ya kuchukulika, kuondoa maji katika mahandaki ya ngome iliyozingirwa, kutengeneza mizinga. Uchoraji, uliompa sifa duniani, aliutaja karibu na mwisho. Kisha akasema yu tayari kujaribiwa mbele ya mtawala.

Nanyi fanyeni vivyo. Msiandike, "Nalikuwa na dhamana ya ghala." Andikeni, "Nalitunza ghala la magunia 400 kwa miaka 2, wala halikupotea hata gunia moja." Hayo si majivuno, maadamu ni kweli. Lakini jambo usilolitenda usiliandike, kwa maana siku ya kuulizwa yaja.

Kwaherini.