Barua Chini ya Godoro

Somo: 2 Wafalme 4:1–7

 

Hapa kwetu Misikhu, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, shamba si mahindi na miwa tu. Ni boma, ni makaburi ya wazee wetu, ni mahali ambapo watoto watajenga kesho. Ndiyo maana mtu aliyeweka hati ya shamba rehani, kisha akashindwa kulipa mkopo, huona haya kama aliyeiba.

Mzee mmoja, Mkristo mwenzetu, alikopa fedha anunue mashine ya kusaga unga. Mashine ikaharibika, mvua ikawa haba, malipo yakasimama. Barua ya kwanza ilipokuja aliisoma nusu, akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Ya pili vivyo hivyo. Jumapili aliimba pamoja nasi, akatoa sadaka, akarudi nyumbani kulalia barua zake. Siku moja mkewe alikuwa akitandika kitanda.

“Baba watoto,” akauliza, “ni nini hiki ulicholalia siku zote?”

Mzee hakuwa na jibu. Alilia.

Ndugu zangu, mjane wa somo letu naye alikuwa na deni. Mwenye kumdai alikuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Lakini tazameni alivyofanya. Hakuficha. Alimlilia Elisha waziwazi. Naye Elisha hakuanza kwa kumkemea. Alimwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na mafuta kidogo tu. Kisha akamtuma kwa majirani kuazima vyombo, tena visiwe vichache. Je, mnadhani aligonga milango yote ile bila kuulizwa vyombo ni vya nini? Muujiza wa mafuta ulimkuta mtu aliyekwisha kuitoa shida yake nje.

Basi, msikilizaji, kama una barua ya namna hiyo, itoe leo. Mwonyeshe mwenzi wako. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani kihalali bila kibali chake, naye ana haki ya kupewa nakala ya ilani ya kuuza. Soma tarehe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haimruhusu mkopeshaji kuamka asubuhi na kuuza. Malipo yakichelewa mwezi mmoja, anaweza kukupa ilani ya kulipa, nayo ni ya miezi isiyopungua mitatu. Usipolipa, atoe ilani nyingine ya kuuza, ya siku zisizopungua 40. Halafu dalali naye hutoa yake, ya siku 45. Siku hizo ni mlango uliofunguliwa. Anayelalia barua anaufunga kwa mkono wake mwenyewe.

Nenda kwa mkopeshaji mapema, ukiwa na hesabu uliyoiandika: nina hiki, naweza kulipa hiki kila mwezi. Ukiona sheria haikufuatwa, mahakama inaweza kukusikiliza. Na kama huna fedha za wakili, usikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasiojiweza. Kituo cha Sheria nacho kimewatetea maskini tangu mwaka 1973. Lakini jihadhari na yule anayekunong’oneza sokoni, “Nipe kitu kidogo, nitasimamisha mnada.” Wala usikope kwa riba kali zaidi ili kulipa riba, huko ni kuzima moto kwa mafuta ya taa.

Mzee wetu na mkewe walikwenda pamoja. Zilikuwa zimebaki siku 20 tu. Waliuza ng’ombe wawili, wakakodisha sehemu ya shamba kwa msimu, wakapangiwa malipo mapya. Bado wanalipa hata leo, lakini mzee analala usingizi.

Neno la mwisho ni kwetu sisi tusiodaiwa. Someni Nehemia, mlango wa 5. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao, na waliowabana walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia aliwataka warudishe. Je, wewe mwenye akiba, siku ya mnada wa ndugu yako utasimama wapi? Utakuwa kati ya wanaongoja kununua kwa bei ya chini, au kati ya majirani wanaoazima vyombo? Na akija kwako na barua mkononi, utamwuliza ana nini nyumbani, au utaeneza habari zake kisimani?

Tuombe. Ee Baba, wape ujasiri waliolalia barua usiku huu. Utufanye sisi kuwa milango ambayo wakibisha itafunguliwa. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.