Mwili Nao Wataka Livu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi, Mombasa)



Kamati ya tawi imetuomba tuseme machache juu ya safari yetu ya Kipungani, kwa kuwa habari zake zimekwisha zunguka karakana nzima na kila anayezisimulia huzitia chumvi yake. Wengine wasema mwenzetu alizama baharini. Wengine wasema alichezewa na majini ya Lamu. Hapana. Alijichosha, basi. Nasi tulikuwa pamoja naye, tukamtazama kila siku, wala hatukutambua. Ndiyo maana tumekubali kusimama hapa.

Kwanza tuseme sababu. Mwenzetu huyu ni dereva wa gari moshi, na dereva hukaa. Alipokwenda kupimwa afya kama ilivyo desturi, aliambiwa uzito wake umezidi na presha imepanda, akapewa miezi mitatu ajirekebishe, ama sivyo ataondolewa katika udereva na kupewa kazi nyingine yenye posho ndogo. Mtu mwenye watoto watatu shuleni akisikia maneno hayo hapati usingizi. Hatusemi daktari alikosea. Mwaka 1953 Daktari Jeremy Morris wa Uingereza alitangaza uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: madereva waliokaa kutwa walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi. Sisi wa reli hatuna ngazi za basi, tuna viti tu. Basi kupunguza mwili ilikuwa haki.

Lakini alivyopunguza! Aliamka saa kumi za alfajiri akakimbia, hata siku aliyotoka zamu ya usiku. Chakula alikikata kikawa kimoja kwa siku. Mwezi wa kwanza zikashuka kilo tano, na sisi tukampigia makofi pale kantini. Sifa zile zilikuwa sehemu ya kosa, na kosa hilo ni letu. Baada ya wiki sita mizani ikagoma. Yeye akaongeza mbio, mizani ikapanda kilo moja. Akaongeza tena.

Mwezi wa Februari 2023 tukapata livu pamoja, watu wanne. Mmoja wetu kwao ni Kipungani, kijiji cha wavuvi na wasusi wa mikeka kilicho upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu. Tukapanda basi mpaka Mokowe, tukavuka kwa mashua mpaka mjini Lamu, tukachukua mashua nyingine mpaka Kipungani. Sisi tulikwenda kulala na kula samaki. Mwenzetu alikwenda kwa sababu ya mchanga, maana upande wa bahari kuu kuna ufuko uendao mpaka Shela, kilomita 12 hivi, na alikuwa amesikia kuwa mchanga hukausha tumbo upesi.

Ni kweli mchanga ni kazi. Kutembea juu ya mchanga laini hula nguvu zaidi ya mara mbili kuliko kutembea juu ya ardhi ngumu, na kukimbia hula kama mara moja na nusu. Wenyeji wajua hilo bila kupima. Hungoja maji yatoke, wakapita chini kule mchanga ulikoshikana. Mwenzetu alikimbia juu, palipo laini, asubuhi na jioni, katika joto la kaskazi, tumboni mna chai na dafu tu. Wali wa nazi na mkate wa mofa aliwekewa, akavisukuma kando. Tuliona haya mbele ya wenyeji.

Siku ya nne mama mwenye nyumba, ambaye hushinda barazani akisuka ukili, alituuliza, "Huyu mwenzenu ana ugomvi na nani?" Tukamjibu, "Hana ugomvi na mtu, mama, anapunguza mwili." Akasema, "Mbona basi amekasirika hivi?" Akarudia ukili wake. Sisi tukacheka.

Yule mama alikuwa ameona dalili ya kwanza, nasi tunaojua kusoma na kuandika tulikuwa tukicheza bao. Mtu mpole alikuwa amegeuka mkali, akigombana hata na kuku. Usiku aligeuka kitandani mpaka alfajiri, ingawa mwili ulikuwa hoi. Mafua aliyotoka nayo Mombasa hayakumwisha. Umbali uleule aliokimbia wiki ya kwanza sasa ulimchukua muda mrefu zaidi, na miguu, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa kama imefungwa mataruma. Yeye aliyaita haya yote uvivu, akajiadhibu kwa kuongeza.

Siku ya tisa hakuweza kuinuka. Mapaja yalivimba na kuuma, na mkojo ulitoka rangi ya chai nzito. Hapo tukaogopa. Mwenyeji wetu alitafuta mashua usiku uleule, tukampeleka hospitali mjini Lamu. Waganga walitueleza kwamba nyama ya mwili ikifanyishwa kazi kupita kiasi, hasa katika joto na kiu, huvunjika, na taka zake zikiingia katika damu zaweza kuziua figo. Alitiwa maji ya mshipani siku kadhaa. Figo zikapona, alhamdulillahi, kama walivyosema wenyeji wetu, nasi tukasema amina. Tafadhali mlishike hili kuliko yote: mkojo wa rangi hiyo baada ya kazi nzito au mazoezi si jambo la kungoja kesho.

Lakini hapo ni mwisho wa njia, na wengi hawafiki huko. Wengi huishia katikati: wamechoka miezi, wanalala vibaya, wanachukia hata kuviona viatu vya mazoezi, kisha wanaacha kabisa na kilo zote zinarudi. Tuliuliza hospitali mtu ajitambue vipi mapema. Tukaambiwa ahesabu mapigo ya moyo asubuhi, kabla hajainuka kitandani, muda wa dakika moja. Ajue idadi yake ya kawaida. Ikizidi kwa kama 10, siku kadhaa mfululizo, basi ama homa yaja ama mwili haujapumzika, na mazoezi yangoje. Mwenzetu alikuwa na 66 alipoanza. Kule Kipungani tulipomhesabia, tumeshachelewa, tukapata 84. Dada zetu wana dalili nyingine: siku zao za mwezi zikikatika kwa sababu ya mbio na njaa, si jambo la kufurahia, waende kwa daktari.

Na ile mizani iliyogoma? Misuli iliyoumia hushika maji, na maji yana uzito, hivyo mtu aweza kupungua mafuta na mizani isimwambie. Tena kuna jambo la pili, nalo latoka kwa jirani zetu Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitangaza habari za Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, ambao huishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Wanaume wao hutembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Walipopimwa nguvu zote ambazo miili yao hutumia, ukizingatia ukubwa wa miili, hazikuzidi zile za watu wa Marekani na Ulaya. Mwili una karani wake ndani: ukitumia nyingi miguuni, yeye hubana kwingine. Mazoezi ni mazuri kwa moyo, kwa presha na kwa usingizi, lakini kushusha kilo kazi kubwa ni ya sahani. Nayo sahani isikatwe kwa shoka. Nusu kilo kwa wiki, ikizidi sana kilo moja, yatosha.

Hata mabingwa hawajiui kila siku. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alipokuwa akijitayarisha Kaptagat alikuwa na siku tatu za kazi ngumu katika wiki. Siku nyingine alikimbia polepole, na mchana alilala.

Ndugu wanachama, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yatupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na livu ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka. Mwajiri akigusa siku hiyo moja, twaandika barua siku hiyohiyo. Mwenzetu alijinyang'anya mwenyewe siku zaidi ya sitini, na hakuna hata mmoja wetu aliyeleta malalamiko.

Katibu wa tawi alimwandikia mwajiri barua pamoja na karatasi za hospitali, na upimaji ukasogezwa mbele miezi sita. Twamshukuru. Mwenzetu alipumzika wiki tano, kisha akaanza kutembea, si kukimbia. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020 kuwa mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, maana yake nusu saa kwa siku tano yatosha kuanzia. Anakula mara tatu, wali nusu ya alivyozoea, samaki na mboga zaidi. Akitoka zamu ya usiku hulala kwanza. Alipopimwa alikuwa amepungua kilo nne zaidi, presha imeshuka, na bado yumo katika udereva. Ameketi pale nyuma, msimgeukie.

Sisi wanne sasa hutembea Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia lango la karakana saa kumi na moja jioni. Mwendo wetu ni wa kuweza kuzungumza. Mwenye zamu ya usiku hatumngoji, alale. Mama wa Kipungani ametuletea mkeka, tutaukalia tukirudi.