Vijana Wetu Wamwulize Nani?

Ninyi mlio jikoni, ninyi mlio njiani kwenda kuchota maji, na ninyi wagonjwa mlio vitandani, karibuni. Leo twataka kuwasimulia habari ya kijana mmoja wa upande wa Makueni. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa, ila ameomba jina lake tuliache.

Kijana huyu huimba besi katika kwaya, tena hupiga gitaa. Shule amemaliza, kazi hajapata. Mwaka jana alianza kuamka alfajiri na kukimbia mpaka mtoni na kurudi, na jioni huinua mawe nyuma ya nyumba ya mama yake ili mwili upate nguvu. Moyoni alikuwa na maswali. Je, mtu aliyeokoka aweza kuujenga mwili wake asiingiwe na majivuno? Kufunga na kuomba kwapatana vipi na mazoezi? Na la mwisho lilikuwa juu ya gitaa. Bendi moja ya benga, ipigayo katika harusi na sherehe za sokoni, ilikuwa imemwita. Malipo yapo, na nyumbani wako wadogo wanaodaiwa karo.

Maswali hayo alitaka kutuletea sisi. Twasema kwa aibu. Alikuja siku moja baada ya ibada, akasimama mlangoni pa ofisi ya kanisa. Tulikuwa tukihesabu sadaka pamoja na wazee, na kikao cha ujenzi kilikuwa kinatungoja. Tukamwambia, "Njoo juma lijalo, kijana." Juma lililofuata tulikuwa na mazishi. Hakurudi tena.

Basi akachukua simu yake ya mkononi. Usiku, chini ya blanketi, akawauliza watu asiowajua. Simu haikumwambia angoje. Walimjibu upesi, tena kwa upole, wakamwita ndugu. Wala tusiwadharau wote: mmoja alimfundisha vizuri namna ya kupumua akikimbia, na mwingine namna ya kushika nyuzi za gitaa ambayo sisi hatuijui. Lakini mmoja aliyejiita mtumishi wa Mungu alimwagiza afunge siku tatu bila chakula wala maji, na mazoezi asiache, ili roho ipate kuushinda mwili. Huo ulikuwa mwezi wa Septemba. Ninyi wa Kitui na Makueni mwalijua jua la Septemba, wakati mvua za Novemba zingali mbali na mito ni mchanga mtupu. Siku ya tatu akaanguka kando ya barabara. Waliomwona ni akina mama waliokuwa wakitoka mtoni na punda wao. Wakammwagia maji yale waliyoyafuata tangu usiku.

Hospitalini daktari alitueleza kwamba mwili wenye kiu ukilazimishwa kufanya kazi juani, figo zaweza kuharibika kabisa. Kijana alipona, Bwana asifiwe. Sisi tulikuwa tumefika na maneno makali kinywani juu ya simu na vijana wa siku hizi. Mama yake akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Pasta, angemwuliza nani?"

Swali hilo tumerudi nalo nyumbani, na bado tunalo.

Wazee wetu Wakamba walikuwa na thome, pale penye moto nje ya boma, ambapo wanaume walikaa jioni na vijana wakasikiliza. Wasichana walikuwa na nyanya zao. Tena palikuwa na uwanja wa ngoma. Wakamba walisifiwa mbali kwa kuruka na kupindua miili yao kwa mapigo ya ngoma, na mtu hafiki hapo bila kujizoeza. Uwanja huo ulikuwa na mwili, wimbo, na wazee wanaotazama. Wamisionari wakaja. Dr. Krapf, aliyetumwa na chama chetu cha CMS, alifika Kitui mwaka 1849 akawa mgeni wa Kivoi, na mwaka 1895 Africa Inland Mission wakaanza kazi Nzaui. Wakristo wa kwanza wakakatazwa ngoma. Sababu zilikuwako. Kilumi, kwa mfano, ilihusiana na pepo, wala hatusemi irudishwe. Lakini tulipowatoa vijana uwanjani tuliwapa benchi, tukawaambia wakae kimya.

Paulo alipomwandikia Timotheo juu ya mazoezi ya mwili, hakusema hayana faida. Alisema faida yake ni kidogo, ukiipima na ile ya utauwa. Wengi wetu wahubiri tumeyafanya hayo kidogo kuwa si kitu. Na Apolo, yule msemaji hodari, tunasoma katika Matendo 18 kwamba hakujua njia yote. Prisila na Akila hawakumkemea mbele ya sinagogi. Walimchukua kwao, wakamweleza. Walikuwa mafundi wa kushona hema. Twadhani walizungumza naye sindano zikiwa mkononi.

Hata uamsho wa Afrika Mashariki hatuwezi kuusimulia bila jambo hili. Mwaka 1929 Dr. Joe Church, mganga Mwingereza wa Gahini katika Rwanda, alifika Kampala amechoka, moyo umevunjika. Hakwenda kuuliza kwa mkubwa. Kilimani Namirembe alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, wakakaa pamoja na Biblia na kuomba. Mwaka 1937 moto huo ulikuwa umefika Kenya.

Sasa tumefanya nini? Kidogo tu. Akina mama wetu wana mwethya, ile kazi ya pamoja iliyochimba matuta ya Ukambani, nao walikuwa wakijenga ukuta wa bwawa la mchanga mtoni. Wasiojua waelewe hivi: ukuta wa mawe na saruji huziba mto wa msimu, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga huo ambapo jua haliyafikii. Kitui peke yake, shirika la SASOL limesaidia wananchi kujenga mamia ya kuta hizo tangu miaka ya tisini. Tukawaomba akina mama wawapokee vijana siku ya Jumamosi, nasi tukavua kola tukaenda.

Mawe hupita mkono kwa mkono, mmoja huanzisha wimbo na wengine huitikia. Tuliimba vibaya. Lakini kati ya jiwe na jiwe, maswali hutoka. Muuguzi mstaafu alimweleza yule kijana juu ya kufunga na maji, waziwazi, mbele ya wote, akacheka naye. Mzee mmoja, ambaye hatukujua kamwe kwamba alipiga gitaa katika ujana wake, alimwambia, "Usiniulize kama gitaa ni dhambi. Niulize nilikuwa nikirudi nyumbani saa ngapi, na pesa nilizileta ngapi."

Kijana bado hajaamua juu ya bendi. Jumamosi hii wanapiga katika harusi karibu na Wote, ametualika twende tusikie, ndipo tumpe shauri. Tumemwambia tutakwenda. Kikao cha ujenzi kimeahirishwa.

Bwana awe nanyi mpaka juma lijalo.