Picha za Mji na Wenye Mji

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na wanafunzi wa sanaa, Dar es Salaam)



Nimeombwa nizungumzie maonyesho ya picha na michoro yanayoeleza maisha ya mijini katika Afrika ya leo. Mada hii ni pana, na kama ningeifuata kote ingetupeleka Bamako, Lagos na Johannesburg, tukarudi hapa tumechoka na hatukujifunza kitu. Nimeona ni afadhali nichukue mji mmoja tu, nao ni Lubumbashi, kusini ya Kongo. Wenyeji wa mji huo husema Kiswahili, ingawa ni Kiswahili cha namna yao, na maonyesho yao makubwa yaliyoanza mwaka 2008 waliyapa jina ambalo hata mtoto wa Manzese halihitaji kutafsiriwa: Picha.

Mji huo ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910, wakauita Elisabethville. Haukuzaliwa na biashara ya majahazi wala na kiti cha mfalme. Ulizaliwa na shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwaleta watu kutoka mbali, ikawajengea nyumba, ikawapimia chakula, ikawasomeshea watoto na ikawahesabu kama mtu ahesabuvyo mali yake. Hata leo mgeni anayeingia Lubumbashi huona kwanza dohani ndefu na kilima cheusi cha mabaki ya shaba iliyoyeyushwa.

Katika mji huo, miaka ya 1960 na 1970, palitokea jambo ambalo wanasanaa wetu wangepaswa kulijua kuliko wanavyowajua wachoraji wa Paris. Wachoraji ambao wengi wao hawakupita chuo chochote cha sanaa walichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, wakazungusha michoro yao mitaani wakiwauzia wafanyakazi wa machimbo, makarani, walimu na watu wa reli. Mnunuzi aliutundika mchoro sebuleni, mahali ambapo kila mgeni angeuona. Mmoja wa michoro iliyopendwa sana ulikuwa ule wa gereza la wakati wa Wabelgiji: mfungwa amelazwa chini, askari Mwafrika anamchapa viboko, na Mbelgiji amesimama akitazama. Fikirini, ndugu zangu. Mtu ametoka kazini, amechoka, ana mshahara mdogo, naye anautoa mshahara huo anunue picha ya kiboko aiweke nyumbani kwake! Wenyewe walikuwa na neno la kueleza sababu. Michoro ya namna hiyo waliiita ukumbusho.

Aliyeipeleka kazi hiyo mbali zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa huko mwaka 1947. Yeye hakutosheka kuchora tukio moja moja. Mwaka 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zipatazo mia zinazoeleza historia ya nchi yake tangu zama za kale hadi siku zile, pamoja na mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa mwaka 1941 uliozimwa kwa risasi, na maisha na kifo cha Patrice Lumumba. Alipokuwa akizikabidhi kwa Johannes Fabian, mtaalamu aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha mji huo, alizieleza moja baada ya moja, kwa Kiswahili, naye Fabian akayanasa maelezo hayo katika kinasa sauti. Tshibumba hakujiita mchoraji tu, alijiita mwanahistoria. Mapema katika miaka ya 1980 alitoweka, na hakuonekana tena.

Sasa picha zile ziko wapi? Ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho. Na kitabu kinachoeleza kazi hiyo, kilichotoka mwaka 1996, kimeandikwa kwa Kiingereza. Simlaumu Fabian. Pengine bila yeye tusingekuwa na hata moja ya picha hizo leo. Ninachosema ni kwamba historia iliyosimuliwa kwa Kiswahili, na mtu wa mtaani, kwa ajili ya watu wa mtaani, imekuwa ni lazima mtu wa mtaani apande ndege ili aione.

Kuna sababu ya kiuchumi, wala haikujificha. Union Minière ilitaifishwa na serikali ya Mobutu mwishoni mwa mwaka 1966, ikafuatiwa na shirika lililokuja kujulikana kwa jina la Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 shirika hilo lilitoa shaba zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka. Mapema katika miaka ya 2000 ilikuwa chini ya tani 30,000. Uporaji, uongozi mbovu na kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990 vilifanya kazi yake, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Mtu asiye na mshahara hanunui mchoro. Yule mnunuzi wa sebuleni alipokufa kiuchumi, aliyebaki ni mnunuzi wa ng'ambo.

Hapo ndipo anapoingia Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Katika mfululizo wake wa mwaka 2006 alizipiga picha karakana na mitambo ya Gécamines ilivyobaki magofu, kisha akachukua picha za zamani za kampuni ile, akawakata waliomo ndani yake, wafanyakazi waliopangwa mstari na mabwana waliovaa kofia, akawasimamisha juu ya magofu hayo. Watu ni weusi na weupe kama picha zilivyokuwa enzi hizo, magofu yana rangi ya kutu. Mtazamaji haambiwi neno, lakini anajikuta anauliza maswali mawili kwa pamoja: nani aliyejenga haya, na nani aliyeyaacha yafe? Kazi nyingi za siasa huuliza swali moja tu kati ya hayo, lile linalomfaa mwulizaji.

Kazi yake nyingine, ya mwaka 2013, inanigusa zaidi. Humo amepanga picha za Lubumbashi zilizopigwa kutoka angani, na kati yake ameweka picha za wadudu waliochomwa pini katika masanduku ya wataalamu. Maana yake ni nini? Wakoloni waliugawa mji ule kwa ukanda mtupu, Wazungu upande mmoja na Waafrika upande mwingine, wakisema kwamba ukanda huo utamzuia mbu wa malaria asiruke kutoka kwa mweusi kwenda kwa mweupe. Na iko picha ya mwaka 1929 inayoonyesha kampeni ambayo mfanyakazi, ili apewe posho yake ya chakula, alitakiwa kwanza alete nzi 50 aliowaua. Nzi 50 kwa siku!

Sasa, ndugu wanafunzi, msicheke mkidhani ni mambo ya Wabelgiji. Waingereza walipoupanga mji huu wetu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliufanya kanda tatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu, kwa hoja ileile ya afya. Uwanja huo ni Mnazi Mmoja. Tunaupita kila siku, tumeufanyia mikutano na sherehe, watoto wanacheza mpira hapo, na sidhani kama katika watu mia wanaopita yuko mmoja anayejua kwa nini hapakujengwa nyumba. Hii ndiyo kazi ambayo picha iliyopangwa vizuri ingeifanya kwa dakika moja, na ambayo mimi nimetumia nusu saa kuieleza.

Wako wenzetu wanaosema kwamba kuonyesha magofu, mitaro iliyoziba na vibanda vya mabondeni ni kuiaibisha nchi. Mimi sikubaliani nao, ingawa najua hofu yao imetoka wapi. Tumewaona wapiga picha wanaoshuka katika hoteli asubuhi, wakapita Jangwani baada ya mafuriko, wakampiga mama aliyepoteza godoro lake bila hata kumwamkia, na jioni wakaruka. Hiyo si sanaa, ni kuokota. Lakini dawa ya mwokotaji si kufunga macho. Dawa yake ni mpiga picha anayekaa mtaani hapo, anayejua jina la yule mama, na ambaye mama huyo anaweza kumfuata kesho akamwuliza picha yake imekwenda wapi.

Swali hilo la mwisho ndilo linalonikera. Kazi za Baloji zilionyeshwa Venice mwaka 2015 na Brussels mwaka 2016, na ni haki yake. Msanii naye anakula. Hata hivyo, yeye na wenzake walipoanzisha maonyesho yale ya Picha hawakuyafungia ndani ya kumbi tu, bali walizitoa kazi nje, mahali penye wapita njia. Sisi, katika jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, maonyesho yetu mengi hufanyika upande ule wa bahari, kwa kadi za mwaliko, na maelezo yaliyobandikwa ukutani ni ya Kiingereza. Mtu wa Mbagala akiingia kwa bahati anakuta picha ya Mbagala, na maelezo yake hawezi kuyasoma.

Nitoe mfano mmoja wa karibu. Mtaani kwetu alikuwako mzee mwenye studio ya picha. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliwapiga maharusi, vijana wa migambo, timu za mpira, wasichana waliopata kazi viwandani kwa mara ya kwanza. Alipofariki, chumba kilitakiwa na mwenye nyumba, na masanduku ya negativu yakatolewa nje. Mvua ilinyesha siku mbili. Nilipopata habari nilikuta watoto wanatazama jua kwa vipande vyake. Historia ya mtaa mzima ilikwenda hivyo, wala hapakuwa na Mbelgiji wala Benki ya Dunia iliyohusika.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Kila mmoja wenu aende kwa wapiga picha wazee wa mtaa wake, aombe ruhusa ya kunakili picha zilizobaki, na aandike kwa Kiswahili ni nani, wapi na mwaka gani, maadamu wapo wanaokumbuka. Zikipatikana picha 100, tusingoje ukumbi. Uwanja wa Mnazi Mmoja upo, watu hupita asubuhi wakienda kazini na jioni wakirudi, na kamba ya kutundikia haina bei kubwa. Kibali tutakiomba kwa barua, na barua hiyo nimekwisha kuanza kuiandika.